Kamera Kifuani, Mtoto Sio Port

Sista aliniambia mtoto aondoke siku hiyo hiyo. Hakusema kwa ukali. Tulikuwa nje, kwenye benchi chini ya mabati, kwa sababu kliniki ya kifua pale Busia haiwahoji wagonjwa ndani ya chumba kilichofungwa, na aliongea polepole ili wenzangu kwenye foleni wasisikie.

"Mama Amoit, mtoto bado ananyonya?"

"Ananyonya."

"Yuko na umri gani?"

"Mwaka mmoja na miezi saba."

"Basi ya leo asubuhi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Atapimwa, apewe dawa ya kumkinga, halafu mtafute mahali pengine atalala mpaka tuone dawa imeshika."

Nikamwuliza itachukua siku ngapi. Aliangalia karatasi yangu badala ya kuniangalia mimi.

"Si siku," akasema. "Ni miezi."

Naandika haya nikiwa nimepona. Nimelitanguliza hilo makusudi, ili wewe uliyeambiwa jana kwamba una TB ile sugu usisome huku ukihofia mwisho wake. Mambo ya vidudu na majina ya dawa utaelezwa na wanaoyajua. Mimi nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa.

Nilikuwa na kibanda cha chakula Malaba, kando ya barabara, pale trela zinapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni ikiwa ndefu dereva analala siku mbili, tatu, na dereva aliyelala lazima ale. Nilikohoa tangu Krismasi nikasingizia moshi wa kuni. Nguo zikanipwaya, nikasingizia kunyonyesha. Mume wangu, Emojong, ni fundi wa tairi za trela, mtu wa maneno machache. Siku moja mwezi wa Machi aliniona nimekaa kwenye gunia la makaa nikishindwa kuinua sufuria, akasema, "Twende hospitali," na kabla sijajibu alikuwa ameshazima moto.

Mama yangu alifika jioni ile ya kliniki kutoka Sio Port, kijijini kwake kando ya ziwa. Mama mkwe alishafariki, kwa hivyo hapakuwa na mwingine wa kumchukua Amoit. Mama ni mjane, anaanika omena, dagaa wa ziwani, na kuuza. Alisimama pale kwenye mlango wa ua wetu na hakuingia. Baba yangu alikufa kwa kifua nikiwa darasa la tano, na Mama ndiye aliyemwuguza, kwa hivyo kikohozi changu alikitambua kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Mtoto apitie kwa baba yake," alisema. "Wewe kaa hapo hapo, Ajiambo. Kaa hapo, mwanangu."

Nikakaa, barakoa usoni. Emojong akambeba Amoit, Mama akamfunga mgongoni kwa lesso. Amoit alifikiri ni matembezi. Alinipungia mkono akasema bai, vile alivyowapungia madereva kila siku.

Kesho yake alfajiri maziwa yalijaa. Hakuna aliyenionya kwamba yatakuja tu, mtoto awepo asiwepo. Matiti yaliuma kama majipu. Nilikamua kwenye bakuli nikaenda kumwaga nyuma ya choo, asubuhi na jioni, karibu wiki nzima, mpaka mwili ukaelewa. Kama unanyonyesha na umeambiwa umwachishe ghafla, mwulize sista kuhusu hilo kabla hujatoka kliniki. Usione aibu. Mimi niliona aibu, nikaumia bure.

Dawa nilimezea zahanati, kila asubuhi, mbele ya nesi. Vidonge vilijaa kiganja. Masika yalikuwa yameanza na njia ya zahanati ilikuwa tope. Nilitapika mara nyingi njiani nikirudi, nimejishika kwenye ua wa watu, na kulikuwa na mama mmoja mwenye ule ua aliyezoea kuniwekea maji kwenye kikombe cha plastiki juu ya nguzo. Hatukuwahi kuongea. Nilisukutua, nikarudisha kikombe, nikaenda. Mpaka leo simjui jina.

Mwezi wa pili ngozi ilianza kugeuka kwa sababu ya dawa. Mimi ni maji ya kunde, lakini nilianza kuiva, kwanza uso, halafu mikono, mpaka nikawa na weusi wa ajabu wenye wekundu ndani yake, kama sufuria ya shaba iliyoungua. Nyayo nazo ziliwaka kama nakanyaga jivu la moto. Kioo nilikigeuza kikaangalia ukuta.

Wakati huo Emojong alikuwa amehamia kulala kwenye nyumba ya jikoni. Sista ndiye aliyesema tulale mbalimbali, kwa hivyo mwezi wa kwanza sikumlaumu. Mwezi wa tatu nilimlaumu. Aliondoka mapema, akarudi akiwa ameshakula mjini, akaniwekea chakula mlangoni, akabisha, akaenda. Ndugu zake aliwaambia nina vidonda vya tumbo. Kibanda kilifungwa. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilianza kuwachukia majirani kwa sababu watoto wao wanalia.

Na jina langu lilikuwa lile lile. Kila aliyeniita aliniita Mama Amoit.

Kwa simu, mwanzoni, Amoit alilia akisikia sauti yangu. Halafu akawa ananyamaza akisikiliza, namsikia akipumua. Halafu Mama akaanza kusema, "Ako kwa mchezo, hataki simu," na nyuma yake nilimsikia mwanangu akicheka, akiongea Kisamia cha kwa Mama ambacho mimi sikumfundisha.

Kila mwezi nilikwenda Busia kliniki. Kwenye benchi lile nilikutana na mwanamke wa Khunyangu aliyenitangulia kwa miezi mitatu. Alinishika mkono akauweka sambamba na wake.

"Angalia yangu. Ilikuwa nyeusi kuliko hii yako. Bwanangu alifikiri ameoa mwingine." Akacheka mpaka akakohoa. "Inarudi, dada. Inarudi polepole, lakini inarudi."

Nilirudi Malaba siku hiyo nikaweza kula ndizi mbili.

Mwezi wa nne, Julai, makohozi yangu bado yalikuwa na ugonjwa. Sista akaniambia dawa itaongezwa, badala ya miezi tisa itakuwa kumi na mmoja. Sikulia pale. Nilikwenda nikasimama nyuma ya tangi la maji la hospitali, nikaweka paji la uso kwenye lile tangi kwa sababu lilikuwa baridi. Nikawaza kwamba Amoit atafikisha miaka miwili bila mimi, na nikawaza kwamba labda hatajua kuna mtu anakosekana.

Mwezi wa tano vipimo vilitoka safi. Mwezi wa sita vikatoka safi tena. Siku hiyo ya pili ndiyo Sista alisema, "Sasa huambukizi mtu. Unaweza kwenda kumwona mtoto. Unaweza hata kumbeba." Na ndiyo siku hiyo hiyo niliyokutana na Nafula.

Nafula alikuwa msichana mtaratibu, mwenye begi kubwa, aliyetumwa na watu wa utafiti. Alinieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Walitaka kujua maisha ya mgonjwa wa dawa ndefu yanavyokwenda siku nzima, si yale tunayoyasema kliniki. Tunakula nini, tunakaa na nani, tunapumzika wapi. Akatoa kamera ndogo, ukubwa wa kiberiti, yenye kamba ya shingoni.

"Mama, hii inapiga picha yenyewe kila nusu dakika. Haichukui sauti. Utaivaa siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili. Ukienda chooni, ukioga, ukiwa kanisani, unafunga hiki kifuniko. Mtu akikataa kupigwa, unafunga. Watoto, unafunga. Na pale mpakani usiivae kabisa, maofisa hawataki kamera."

"Na nikibadilisha mawazo?"

"Unanirudishia, hakuna mtu atakuuliza. Na picha utaziona wewe kwanza. Usiyoitaka inafutwa hata mimi sijaiona."

Kwa nini nilikubali? Wengi wameniuliza. Sikuwa na hamu ya utafiti. Ni kwamba kwa miezi sita hakuna mtu aliyetaka kujua siku yangu ilivyokuwa. Nilitaka itazamwe na mtu.

Emojong hakupenda. "Hiyo kitu itanipiga nikiwa kwa nyumba yangu?"

"Huwa uko kwa nyumba yako saa ngapi?" nikamwuliza.

Aliniangalia, akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye karatasi ya ruhusa.

Siku za kwanza nilitembea nayo kama mtu aliyebeba yai. Dereva mmoja wa Uganda aliniona nimekaa mbele ya kibanda changu kilichofungwa, akarudi nyuma hatua mbili. "Nnyabo, mama, wewe ni wa ushuru?" Nikamwonyesha kikaratasi cha Nafula, nikafunga kifuniko. Alisoma mpaka mwisho, akanitakia afya, kisha akaniuliza kibanda kitafunguliwa lini, kwa sababu tangu nifunge anakula mikate. Hiyo ilinifurahisha kuliko alivyodhani.

Jumamosi nilikwenda Sio Port.

Nilikuwa nimenunua gauni la njano. Nilikuwa nimepaka mafuta mara mbili ili ule weusi ung'ae usitishe. Njia nzima nilijiona nikishuka, nikimwona, naye akikimbia. Nilikuwa nimeiona mbio hiyo kichwani kwa miezi sita na kila mara ilikwisha vilevile, yeye shingoni kwangu.

Mama alikuwa uani anageuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Amoit alikuwa nyuma yake na kijiti mkononi, akifukuza kuku wasidonoe samaki. Alikuwa amerefuka. Nywele alikuwa amesukwa mistari. Nikasema, "Amoit."

Aliniangalia uso huu mweusi. Akaingia nyuma ya sketi ya Mama.

Nikaita tena. Nikatoa gauni. Nikatoa biskuti. Nikamwendea, na hapo ndipo akapiga kelele, kilio cha hofu, akamshika Mama miguu akisema, "Kukhu! Kukhu!" Bibi. Nikamfuata upande huu, akazunguka upande ule. Nikajaribu kumshika mkono. Mama akatuingilia katikati.

"Mwache, Ajiambo."

"Mama, nimepona. Nimepewa ruhusa. Hii hapa karatasi."

"Karatasi sijui kusoma. Kifua nakijua. Baba yako pia aliambiwa amepona."

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Nilimzika zamani, ndiyo. Sitaki kuzika sasa."

Tuligombana. Nilimwambia mama yangu kwamba ananiibia mtoto. Nilisema neno hilo, kuiba, kwa mwanamke aliyemchukua mwanangu mgongoni nikiwa siwezi kusimama. Aligeuka akaendelea kugeuza omena. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikajifunika uso kwa lesso, nikalia muda mrefu mpaka pua ikaziba. Nilipofunua uso ua ulikuwa mtupu. Nikasema kwa heri kuelekea mlangoni, nikaondoka na gauni langu.

Jumanne yake tulikwenda Busia kuangalia picha, mimi na Emojong, kwa sababu naye nyumba yake ilikuwa imepigwa. Nafula alitukalisha kwenye chumba kidogo kilichofunguliwa madirisha, akaiweka kompyuta mbele yetu, akanionyesha kitufe cha kusogeza na kitufe cha kufuta, akatoka.

Picha za kamera ile hazina mpiga picha. Hunioni popote. Unaona kile kilichokuwa mbele ya kifua changu. Alhamisi: njia, ua wa watu, kiganja cha nesi, njia. Halafu meza. Sahani ya ugali na sukuma wiki. Meza, sahani. Meza, sahani. Picha baada ya picha, mwanga wa dirishani ukihama juu ya meza na ule ugali haupungui. Ijumaa vivyo hivyo.

Emojong alisogea mbele. Alichukua kile kitufe mwenyewe, akarudi mpaka mwanzo, akapita tena. Alikuwa anatafuta kitu.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Niliangalia ule ugali.

"Mama Amoit. Siku mbili nzima. Mimi niko wapi?"

Tulimpata mara mbili. Picha moja mgongo wake, akitoka. Nyingine mkono, ukiacha sahani mlangoni. Alikaa na ile ya mkono muda mrefu. Mikono ya fundi wa tairi haisafishiki, ina weusi usiotoka, na alikuwa ameshika sahani kwa vidole viwili, pembeni kabisa, kama inachoma.

"Niliogopa," alisema. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. "Sista alisema tutalala mbali. Hakusema tusikule pamoja nje. Mimi ndiyo niliongeza."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekuomba ule nami, ungekula?"

Akarudisha macho kwenye picha. Mimi pia. Kwenye benchi huko nje mtu alikuwa anakohoa, na sisi wawili, naapa, tuligeuza vichwa pamoja kusikiliza kikohozi chake kama mafundi.

Kisha tukafika Jumamosi. Nilitaka kuifuta yote bila kutazama. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Emojong akasema, "Nionyeshe mtoto. Mimi pia sijamwona mwezi mzima."

Ua wa Mama ukatokea. Nyavu za omena. Sketi ya Mama na jicho moja pembeni yake. Mbio zangu, picha zimeyumba, ardhi na mbingu. Kilio kilichoonekana bila sauti. Mgongo wa Mama. Halafu picha zikatulia, na nikajua ndipo nilipokaa kwenye kigoda na kujifunika uso. Nilikuwa nimesahau kufunga kifuniko.

Ua mtupu. Ua mtupu. Kisha mlangoni mwa jikoni, kitu cheusi kidogo. Picha iliyofuata ametoka, amesimama karibu na beseni. Iliyofuata yuko kwenye ukingo wa nyavu, kijiti mkononi. Kisha amerudi nyuma, amekuwa mdogo tena, na nikakumbuka kwamba hapo katikati niliita jina lake ndani ya lesso bila kuinua kichwa. Kisha ametoka tena. Beseni. Nyavu. Akavuka nyavu. Akawa karibu kiasi kwamba nilihesabu vifungo vya gauni lake. Picha moja ilikuwa ni paji la uso tu na jicho, limejaa kioo kizima. Alikuwa mbele yangu. Kama ningenyoosha mkono bila kufunua uso, ningemgusa.

Picha iliyofuata Mama anamchukua.

Emojong akaniwekea mkono mgongoni. Ulikuwa mkono wake wa kwanza kwangu tangu Machi.

"Labda aliangalia hii kamera," nikasema. "Kuna kitaa kidogo kinawaka. Labda si mimi."

"Labda," alisema. "Lakini alikuja. Mimi hiyo ndiyo naona. Ukimfuata anaenda. Ukikaa anakuja."

Nafula aliporudi nilimwomba picha ile moja. Aliitazama, akainama, nikaona kwamba alitamani kusema ndiyo.

"Mama, hii lazima nifute. Mtoto hakuombewa ruhusa. Zote alimo, lazima."

"Mimi ni baba yake," Emojong akasema. "Naomba ruhusa, natoa ruhusa, yote sasa hivi."

"Najua, mzee. Kanuni haikubali ruhusa ya baadaye. Ni ya kumlinda huyo huyo mtoto." Akavuta kiti, akatoa daftari. "Lakini nina mambo mengi ya kuandika kwanza kuhusu Alhamisi na Ijumaa. Nitaandika polepole. Nyinyi angalieni."

Aliandika polepole sana. Tuliangalia mpaka macho yakauma. Halafu akazifuta moja moja mbele yetu, kama tulivyokubaliana kwenye karatasi, na lile jicho likatoweka kwenye kioo.

Jioni ile Emojong alileta sahani mbili, akaketi nami nje kwenye benchi la kibanda, hatua mbili tatu kati yetu kwa mazoea. Aliona nimemaliza ugali, akaongeza wake kwenye sahani yangu.

Baada ya wiki mbili nilirudi Sio Port. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunyesha mchana na Mama alikuwa na haraka ya kuanua omena kabla mawingu hayajafika. Sikumwita Amoit. Nilimsalimia Mama, "Mulembe, Mama," nikamwambia, "Nisamehe neno lile." Akasema, "Shika hapo," akaniachia pembe ya wavu. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yetu.

Nikapiga magoti chini, mgongo kuelekea jikoni, nikaanza kukusanya omena kwenye beseni. Kila mshipa wa mwili wangu ulitaka kugeuka. Nyayo ziliwaka, magoti yakauma, na mimi nikaendelea kukusanya, naomba uniamini kwamba kumeza vidonge kulikuwa mzaha ukilinganisha na kule kutogeuka. Nilisikia kijiti kikiburutwa. Kikasimama. Kikaburutwa tena.

Kidole kidogo kikanigusa mkono, juu ya kiwiko, pale palipokuwa peusi zaidi.

"Moto?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema, macho kwenye omena. "Moto. Unazimika."

Akagusa tena, akasugua, akaangalia kidole chake kama kimepakwa rangi. Hakuona kitu. Akachuchumaa kando yangu, akaokota omena mmoja, akamtia kwenye beseni. Akaokota mwingine.

Mama alikuwa amesimama na beseni lake, mvua ikianza kumdondokea. Nilimwona akitufikiria. Nilimwona akimfikiria baba. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha uji, akaniwekea mimi mkononi, si Amoit.

"Mnyweshe," alisema. "Hapa nje. Lakini kwenu haendi mpaka umalize dawa yote. Yote, Ajiambo."

"Yote, Mama."

Nikaenda kila Jumamosi. Wiki nyingine alinijia, wiki nyingine alinikataa kabisa, akakaa kwa Kukhu wake siku nzima, nikarudi Malaba na mikono inayonuka omena bila kumgusa. Nakuambia hili ili usidhani siku moja ilimaliza kila kitu. Krismasi alilala mapajani mwangu, akanidondoshea mate kwenye nguo, na nguo ile sikuifua mpaka mwaka mpya.

Februari nilimeza kiganja changu cha mwisho. Nesi wa zahanati alipiga makofi peke yake. Kibanda nilikifungua, chakula kidogo kidogo, na Emojong aliwaambia ndugu zake ukweli, wawili wakaja kula na mmoja mpaka leo hajaja. Ngozi inarudi. Mwanamke wa Khunyangu hakunidanganya.

Amoit alikuja nyumbani mwezi huo huo. Mama alimleta mwenyewe, safari hii akaingia ndani, akakaa, akanywa chai, akakagua kitanda cha mtoto kwa kukibonyeza na kiganja. Alipoinuka kuondoka Amoit alikuwa amelala. Alisimama mlangoni akimwangalia. Nilimjua mwanamke yule aliyesimama hapo. Nilikuwa yeye kwa miezi kumi na mmoja.

"Usimwamshe," alisema. "Ataona kama ninamtupa." Akajifunga lesso kiunoni, ile aliyombebea, akaenda haraka.

Siku tatu Amoit aliamka akimtafuta. Alikula kidogo. Alikaa kwenye kizingiti na kijiti, akifukuza kuku ambao hawakuwa na omena wa kudonoa. Siku ya nne alinijia nikiosha vyombo, akanivuta sketi. Alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe, kushoto kulia na kulia kushoto.

"Mama," alisema. Aliniita hivyo waziwazi, na nilikuwa nimelingoja neno hilo mwaka mzima. "Mama, twende nyumbani."

Tulikuwa nyumbani. Nyuma yake niliona kitanda chake, gauni la njano kwenye msumari, baba yake akifunga kamba za buti. Nikakausha mikono. Nikachuchumaa, nikabadilisha viatu, kimoja kimoja, sikuharakisha.

"Jumamosi," nikamwambia. "Leo ni Alhamisi. Tutalala mara mbili, halafu tutaenda nyumbani."

Tukaenda Sio Port.